Matunda Matano Chini ya Mchikichi

Shambani, Kigoma
14 Desemba 1997

Mpendwa dada Melania,

Kamwene, dada yangu, na shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Benedict na wapwa wangu wote, na kwamba kile kikohozi kilichokung'ang'ania wakati wa baridi kimeshaona aibu kikaondoka. Ukiuliza habari zangu, mwili ni mzima. Sina homa, sina jeraha, na ugali unashuka vizuri kwa dagaa wa huku, ambao nikija Lupembe nitakubebea gunia zima. Ila nimechoka, dada. Nimechoka uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao, na wala sijabeba mzigo wowote.

Barua yako niliipata wiki iliyopita, imelowa pembe zote kwa mvua hizi zisizokoma, lakini inasomeka. Unasema uliposikia kwamba nimepewa barua ya sifa kazini uliisoma habari hiyo mbele ya kwaya, mkapiga vigelegele, na shemeji akamchinja jogoo aliyekuwa anasubiri Krismasi. Unasema mama angekuwa hai angecheza. Kisha ukaniuliza mbona mimi mwenyewe niliandika jambo hilo kwa mistari miwili tu, tena mikavu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Wewe hufichwi kitu. Barua hii ndiyo jibu, na naomba uisome peke yako, si mbele ya kwaya. Utanisamehe na mwandiko pia. Utaona umepinda na kuparuza. Mkono haukubali siku hizi.

Nianze na mti wenyewe, maana huko kwetu kwenye baridi michikichi hatuijui. Ni mti mrefu wa jamii ya mnazi. Kule juu, katikati ya makuti, unatoa mkungu mzito wenye matunda madogo mekundu yaliyobanana kwa mamia, kila tunda halizidi kidole gumba. Huku wanayaita ngazi, na ndiyo yanayochemshwa na kukamuliwa mawese. Tangu zamani mkwezi alipanda na kamba yake kiunoni akakata mkungu kwa panga. Mimi niliitwa huku na mradi kwa sababu ya ile mashine yangu unayoijua, ile niliyoiunda karakana ya Njombe ukaniambia inakohoa kuliko bibi: injini ya kukatia majani naibeba mgongoni, bomba refu limetoka mbele, na mwisho wa bomba kuna msumeno. Mtu anasimama chini, anakata. Wakati mkwezi anapanda miti mitatu, mashine imeshamaliza kumi.

Kukata inakata. Shida ilikuwa matunda. Mashine inafanya kazi kwa kutetemeka, na ikigusa mkungu ulioiva kupita kiasi, ngazi zinaruka huku na huku kabla mkungu wenyewe haujaanguka. Nyingine zinapotelea kwenye majani na tope, nyingine zinapasuka, na zilizopasuka zikichelewa kuchemshwa mawese yake yanakuwa makali, yanawasha koo. Na ukikata mkungu ambao bado, matunda yanang'ang'ania na mafuta hayamo. Tulipopima mwezi wa Mei tukakuta theluthi nzima ya matunda haifiki jikoni. Theluthi, dada. Ni sawa na kupika sufuria tatu ukamwaga moja mlangoni kila siku.

Meneja wetu ni Bwana Leodgar, mtu wa Songea. Si mtu mbaya. Ana tumbo linalomuuma, ana wakubwa wanaomuuliza maswali, na vitu hivyo viwili vinapokutana siku moja ni afadhali usimkaribie. Aliniambia bila kuficha kwamba wageni wa mradi wangekuja mwezi wa kumi kuitazama mashine, na kama theluthi itakuwa bado inapotea, mashine itaingia stoo na fundi wake atarudi kwao. Nilifikiri juu yako ulivyouza ng'ombe wa mahari yako ili mimi niende ufundi. Nilisema moyoni kwamba nitakula tope, lakini kwetu sirudi mikono mitupu.

Basi nikahangaika. Nilifyeka majani kuzunguka kila shina. Nilitandika maturubai. Nilishona mfuko wa wavu wa kuning'iniza chini ya mkungu, nikaupunguza mwendo wa injini, nikabadilisha meno ya msumeno mara nne. Theluthi ikashuka ikawa robo, na hapo ikagoma. Kila nilichoongeza baada ya hapo kilikuwa kazi bure. Jambo moja tu lilinishangaza. Nikiwa shambani mimi mwenyewe, tukikata mstari kwa mstari kama ratiba ilivyosema, matunda yanapotea. Siku ambazo naitwa mjini, Mzee Samson akabaki na mashine peke yake, hayapotei sana. Mzee Samson ni mkwezi wa zamani, Muha wa hapa hapa, mtu wa maneno machache na magoti mabovu. Badala ya kumuuliza, nilimshuku. Nilidhani anashirikiana na waokotaji, wanaiba siku zangu tu ili kazi yangu ionekane mbovu.

Hao waokotaji ndio nataka uwajue. Huku kuna desturi ya siku nyingi kwamba ngazi iliyodondoka yenyewe ni ya aliyeinama kuiokota. Mwenye shamba hana neno juu yake. Kwa hiyo kila alfajiri kina mama huingia michikichini na vikapu, wengine wajane wa vijijini, wengine wakimbizi kutoka Burundi ambao hawakwenda kambini. Wanaokota kilichoanguka usiku, wanachemsha, wanapata mafuta ya kula na ya kubadilisha na chumvi au unga. Unaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Miongoni mwao alikuwepo Marcelina. Umri wake kama wako ulipoolewa, mwembamba, mcheshi, Kiswahili chake kimejaa Kirundi, na kila akiniona na ile injini mgongoni alikuwa ananiuliza mtoto wangu ameamkaje. Kwao ni Rumonge, huko huko ufukweni mwa ziwa upande wa Burundi, ambako michikichi ni mingi kama mahindi ya kwetu. Siku walipokimbia, mtumbwi ulijaa. Mama yake akamsukuma yeye apande, akamwambia tangulia, nitapanda unaofuata, tutakutana Katonga. Katonga ni mwalo wa samaki, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Mtumbwi uliofuata haukuja. Mwaka wa pili sasa Marcelina alikuwa anaokota ngazi asubuhi, na kila Jumamosi anashuka Katonga kutazama nani ameteremka. Alikataa kwenda kambini Kasulu kwa sababu hiyo moja tu. Alisema mama yake hajui Kasulu, mama yake anajua Katonga.

Sasa nisikilize vizuri. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, niliona chini ya mchikichi kipande cha jani la mgomba, na juu yake ngazi tano zimepangwa. Nikaenda mti mwingine, hakuna. Wa tatu, nikakuta tena, jani na ngazi tano. Nilizunguka shamba zima nikahesabu miti arobaini na mmoja yenye vifurushi vile. Nikasema nimewakamata. Nilidhani ni matunda yaliyofichwa, kwamba wanaiba mchana tunapokata, wanaweka kidogo kidogo chini ya mashina, jioni wanapita kukusanya. Niliokota zote nikaweka kwenye gunia, nikampelekea Bwana Leodgar kama ushahidi. Tumbo lake lilitulia siku ile. Akasema basi kumbe mashine haina kosa, upotevu ni wizi, na akaniagiza niandike majina ya waokotaji wote ili wapigwe marufuku kabla wageni hawajafika.

Niliwakuta asubuhi iliyofuata nikiwa na daftari. Hawakukimbia. Walidhani labda kuna msaada unakuja, sabuni au blanketi, wakapanga foleni wenyewe wakicheka. Walikuwa kumi na saba, kumi na mmoja kati yao Warundi. Marcelina aliniomba nisiandike jina lake peke yake, niandike na la mama yake na la kwao, ili mtu yeyote akiuliza popote aweze kuonyeshwa, na wenzake nao wakataka kwao kuandikwe. Kwa hiyo niliandika: Marcelina, binti wa Verediana, wa Rumonge. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akanishukuru.

Orodha niliikabidhi Ijumaa. Juu yake niliandika kichwa cha habari: Wanaosababisha Upotevu wa Matunda.

Labda huko mmesikia redioni kwamba mwaka huu ilitoka amri wakimbizi wote wanaoishi mitaani na vijijini wakusanywe wapelekwe kambini. Haikupita wiki mbili tangu Ijumaa ile, wakaja watu wa zoezi hilo shambani kuuliza kama tuna wakimbizi. Bwana Leodgar hakuwa na haja ya kuhangaika. Karatasi ilikuwa mezani, majina yamepangwa, na mahali walikotoka pameandikwa pembeni. Aliwapa. Naamini hakufikiri mara mbili. Alikuwa anatafuta dawa yake ya tumbo. Wale kumi na mmoja waliitwa jina kwa jina, wakapanda lori. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Marcelina aliomba wampitishe Katonga kwanza, dakika tano tu, akaambiwa lori halipiti huko. Mimi nilikuwa karakana. Nilisikia majina yakisomwa, nikaendelea kunoa msumeno ambao tayari ulikuwa mkali.

Wale sita waliobaki, wenyeji, hawakurudi tena. Mmoja wao nilipomsalimu njiani alitema mate chini.

Sasa nilitegemea kwamba wezi wakiondoka upotevu utashuka. Dada, ulipanda. Robo ikarudi kuwa theluthi, theluthi ikakaribia nusu. Tulikata mikungu mibichi, tukakata iliyooza, maturubai yakajaa matunda yaliyopasuka. Wageni wakaahirisha safari kwa sababu ya mvua, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Hapo ndipo Mzee Samson alipoketi juu ya gogo, akanyoosha magoti yake, akanieleza maana ya zile ngazi tano.

Alisema hazikuwa za kuficha. Zilikuwa ujumbe kwake. Mchikichi, alisema, hausemi kwamba umeiva kwa rangi tu. Unasema kwa kudondosha. Zikidondoka ngazi tano usiku mmoja, mkungu huo ukatwe siku ile ile, matunda bado yameshikana na mafuta yamejaa. Kabla ya hapo ni mapema, siku mbili baadaye umechelewa. Na nani anayejua ni mti gani umedondosha tano? Si mkwezi, yeye anatazama juu. Ni mama anayeinama chini kila alfajiri. Ndiyo maana, tangu enzi za babu yake, mwokotaji anapopewa ruhusa ya kuokota, na yeye hulipa kwa kuacha tano juu ya jani, kumwambia mkwezi huu ni wa leo. Siku nilizokwenda mjini, Mzee Samson aliitupa ratiba yangu akafuata majani. Kwa hiyo wale niliowaita chanzo cha upotevu ndio waliokuwa wanauzuia, na mimi nilipobeba ushahidi wangu kwenye gunia nilikuwa ninafuta barua za watu.

Nilimuuliza Mzee Samson kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba mgeni akija na mashine ya wakubwa, mwenyeji hungoja aulizwe.

Katikati ya Oktoba, siku ya mvua kubwa, alikuja bibi mmoja mpaka getini. Amelowa, amebeba kikapu kitupu kichwani, miguu imevimba. Wavuvi wa Katonga walikuwa wamemwelekeza. Alisema amevuka ziwa kwa vituo, mwaka mzima na nusu, akiugua njiani mara mbili, na kwamba pale mwaloni wamemwambia kulikuwa na binti wa Kirundi aliyekuwa anakuja kila Jumamosi kuuliza habari za mama yake, tena anafanya kazi kwenye michikichi hii. Akataja jina lake mwenyewe kabla sijamuuliza. Alipolitaja, niliona herufi zake, Verediana, jinsi nilivyozipanga kwenye mstari wa saba wa orodha yangu.

Nilimwambia binti yake amehamishiwa kambini Kasulu, anaendelea vizuri. Hilo la kuendelea vizuri nililiongeza mwenyewe. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, magari hayapiti, kwa hiyo nikampa chumba kidogo cha pembeni ya stoo, kitanda changu na blanketi lile ulilonishonea. Mimi nalala kwenye maturubai. Ananiita mwanangu. Kila asubuhi ananiombea kwa Kirundi, amenishika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nimeinama kama mtoto.

Siku ya tatu tu alichukua kikapu chake akaingia michikichini. Habari za majani sikuwa nimemweleza. Asubuhi hiyo nilipotoka na mashine nikakuta chini ya mti wa kwanza jani la mgomba na ngazi tano juu yake. Kumbe na kwao Rumonge ni vile vile. Nilimwita Mzee Samson, akatazama, akavua kofia yake, akasema tukate. Tulifuata majani ya bibi yule siku ile na siku zote zilizofuata, tukaiacha ratiba. Mwisho wa mwezi tulipima. Upotevu ulikuwa chini ya sehemu moja katika kumi na mbili. Wageni wakafika, wakaona, wakapiga picha maturubai yangu na ule mfuko wangu wa wavu. Bwana Leodgar alinisifu mbele yao. Ile barua ya sifa uliyoipigia vigelegele inasema kwamba fundi Nikodemu amepunguza upotevu wa matunda kwa ubunifu wake mwenyewe.

Hapo ndipo ningeweza kukomea, na ungesema masikini mdogo wangu, alikosea kwa kutojua, na sasa anajuta. Ungenisamehe hata kabla hujaikunja karatasi. Lakini huko nyuma katika barua hii hii nimekudanganya, dada, na sitaki kurudi kufuta. Nimeandika kana kwamba Mzee Samson alinieleza maana ya ngazi tano baada ya akina Marcelina kuchukuliwa. Sivyo, wala sikutegemea kwamba upotevu utashuka. Tena na jibu lake nimelihamisha mahali. Lile neno la mgeni na mwenyeji alilisema kweli, lakini alilisema siku aliyonieleza, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Orodha ilikuwa mfukoni mwangu. Niliikabidhi Ijumaa.

Nilijua, dada. Nililala nalo usiku mzima. Nilijua kwamba si wezi, na nilijua kwamba nikisema hivyo, kosa litarudi kwenye mashine na ratiba yangu, na mashine itaingia stoo, na mimi nitarudi Lupembe kukutazama usoni. Asubuhi nikajiambia kuwa ni marufuku tu, wataokota shamba lingine, hakuna atakayekufa. Nikaandika kile kichwa cha habari juu yake asubuhi ile ile, nikiwa najua. Mzee Samson aliniona nikiingia ofisini na karatasi.

Unakumbuka viazi vya Mzee Mgaya. Mimi nilikuwa na miaka mitano, wewe kumi na mmoja, mama yuko kitandani. Tuliokoteza kwenye matuta yaliyokwisha kuchimbwa, vile vilivyokatwa na jembe, ambavyo hata nguruwe wa mtu hapewi. Karani wa shamba alisimama pale akatutazama, akaona kwa macho yake tulipoinama. Jumapili jina lako likasomwa mbele ya watu kuwa umechimba matuta mapya, ukasimamishwa na kikapu kichwani mpaka ibada ya pili. Tukirudi nyumbani hukulia. Uliniambia Mzee Mgaya humlaumu, yeye hakuwepo. Unayemlaumu ni karani, kwa sababu aliona, akaandika.

Miaka yote hiyo nilijiuliza karani yule ni mtu wa namna gani. Sasa namjua. Anakula, anaoga, anasali Jumapili, anaombewa na bibi wa watu kila asubuhi.

Barabara ya Kasulu imefunguka jana. Keshokutwa kuna lori linalopeleka vitu kambini, na nimepata kibali cha kwenda nalo pamoja na bibi Verediana. Hajui bado ni nani aliyeandika jina la binti yake. Nimeamua nitamwambia kabla hatujapanda, tukiwa bado chini, ili kama hataki kukaa gari moja na mimi awe na nafasi ya kukataa. Bwana Leodgar nimemwambia leo mchana kwamba ile barua ya sifa si yangu, nikaiweka mezani kwake. Aliniuliza kama naumwa. Sijui kama nitakuwa na kazi Januari. Nimekuandikia wewe kwanza kabla ya kumwambia bibi, kwa sababu namjua. Ataweza kunisamehe, na mimi nitakimbilia msamaha wake kama kuku kwenye mtama. Wewe sina hakika nawe. Ndiyo maana nimeanza kwako.

Nimejaribu kumwandikia bibi karatasi ya kuonyesha langoni kambini, endapo atakwenda bila mimi: jina la binti, jina la mama, na kwao. Nimeandika mara tatu na zote zimepinda kama barua hii. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni, ukaniambia mtu anayeandika vizuri watu watamwamini. Orodha ile, dada, niliiandika vizuri sana. Herufi zote zimesimama wima, hakuna hata moja niliyoifuta.

Nisalimie shemeji Benedict na umwombe radhi kwa ajili ya jogoo wake. Wasalimie wapwa, wasalimie majirani, na kwaya uwaambie lolote utakaloona linafaa, sitakuchagulia maneno. Usipojibu nitaelewa. Ukijibu, tumia anwani hii hii, Mzee Samson amesema atanipokelea hata nikiwa sipo.

Nabaki kuwa mdogo wako, ukipenda,

Nikodemu